Posa ya Ofisi ya Mawakili

Siku ile naikumbuka hata nikifumba macho, mwanangu: siku shangazi yangu Zaituni alipovaa buibui lake la sikukuu, akapanda basi la asubuhi kutoka Mbale kwenda Jinja, ili akaichunguze ofisi ya mawakili kama watu wanavyochunguza nyumba ya mposaji. Mimi nilikaa karibu yake dirishani, nimenuna. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya sheria, Kiingereza kinanitoka kama maji, na nilijiona mkubwa kuliko mambo ya mashangazi.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze tulifikaje huko.

Vita vilikuwa vimekwisha, au tuseme vilikuwa vimepunguza kelele. Serikali ilikuwa mpya na jeshi lilikuwa jipya, lakini vizuizi vya barabarani vilikuwa vilevile, na kila kizuizi ulishuka ukaonyesha kipande chako cha kitambulisho. Duka la baba hapa mtaani kwetu Malukhu, Mbale, lilikuwa limeporwa mpaka mbao za rafu. Tulikunywa chai bila sukari tukasema alhamdulillahi. Katika hali hiyo ikaja barua kutoka Jinja. Ofisi kubwa kuliko zote za mashariki ya nchi ilikuwa inanitaka mimi, Hadija, binti wa muuza duka asiye na duka.

Jina lake silitaji. Watu wa Jinja wenyewe waliiita Ghorofani tu, kwa kuwa ilikuwa juu ya jengo moja la mjini, na ukisema unafanya kazi Ghorofani mtu alikusogezea kiti. Mawakili wake walivaa suti zilizopigwa pasi wakati nchi nzima inatafuta sabuni. Majaji walikuwa wametokea pale. Mwanafunzi yeyote wa sheria wa upande wetu alilala akiota ngazi zile.

Baba aliisoma barua, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena. Lakini kwetu, mwanangu, binti akiitwa na nyumba ya watu, baba hajibu peke yake. Anaitwa shangazi. Shangazi ndiye anayekwenda kuona wale watu wanaishije, wanasemezanaje wakikasirika, mama mkwe ana mdomo wa namna gani, na kama kuna mke aliyeachwa, aliachwa kwa sababu gani. Baba alimwita dada yake ampe habari njema tu, maskini. Shangazi Zaituni akaichukua ile barua akaitia kwenye pochi yake.

"Hii ni posa," akasema.

"Ni kazi, Shangazi," nikamwambia.

"Utalala wapi? Jinja. Utakula wapi? Jinja. Watakuamsha saa wanayotaka, watakutuma wanakotaka. Kama hii si posa ni nini? Mimi simtoi mtoto wa kaka yangu kwenda kwenye nyumba ambayo sijaiona."

Baba alicheka, lakini hakumpinga. Nani angempinga? Huyu alikuwa mwanamke aliyeuza vitenge sokoni Mbale vita vyote, akabishana bei na watu wenye bunduki. Basi tukapanda basi.

Tulipofika Ghorofani, Shangazi alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka pochi mapajani, akaanza kutazama. Nilitamani sakafu inimeze. Kila aliyepita alimsalimia, na kila aliyemsalimia, Shangazi alimwuliza habari za nyumbani kwake mpaka mtu akasahau alikokuwa anakwenda. Halafu akatokea mwenye ofisi. Nitamwita Bwana Tenywa, ingawa silo jina lake. Mtu mrefu, mpole, mvi zimemkaa vizuri. Alimwona mama wa Kiislamu amekaa pale, akainama kidogo, akasema, "Asalaam aleikum, mama," akaagiza chai. Na chai ile ilikuwa na sukari. Nilimwona Shangazi yangu, mwanamke mkali namna ile, akilainika mbele ya macho yangu.

Mimi nikaingizwa ndani. Bwana Tenywa alinieleza kazi yangu bila kuzungukazunguka. Wakati wa vita watu wengi walikimbia, wakaacha nyumba zao, na askari wakaingia humo na familia zao. Sasa wenyewe walikuwa wanarudi. Mahakama ilitoa amri, lakini amri ni karatasi. Lazima mtu aichukue, aende mpaka mlangoni, aseme na afande aliyemo ndani.

"Kiswahili chako ni cha nyumbani," akaniambia. "Sisi wengine tukifungua mdomo, afande anacheka. Wewe atakusikiliza. Na hapa, binti, sisi ni familia moja."

Mwanangu, wewe umezaliwa juzi, hujui neno lile lilinifanya nini. Wakati ule mtu wa kwetu akisikia Kiswahili nje ya mlango wake usiku, alizima taa. Ilikuwa lugha ya kambi za askari, ya "simama hapo". Sisi Waislamu wa Malukhu tulikuwa tunaiongea jikoni, tukatazamwa kwa wasiwasi kwa ajili yake. Na sasa mtu mkubwa amekaa nyuma ya meza kubwa ananiambia lugha ya mama yangu ndiyo inayotakiwa. Nilivimba kichwa. Akaniambia nirudi kesho yake baada ya adhuhuri kutia saini mkataba, na nikashuka zile ngazi sioni ninapokanyaga.

Kumbe Shangazi naye hakulala kule mapokezi. Alikuwa amefanya urafiki na msichana wa pale, Florensi, na baada ya kumaliza habari za wazazi na za bei ya sukari akamwuliza, "Na walioachika hapa wako wapi?"

Florensi alicheka. "Mama, hapa si ndoa."

"Walioondoka basi."

Florensi akaangalia mlango wa ndani kwanza, kisha akajibu kwa kile Kiswahili cha watu wa Jinja. "Kulikuwa na Wakili Waiswa. Yeye ndiye alikuwa naongea na maafande. Sasa iko Masese, nauza samaki. Lakini mimi sijasema kitu, Mama."

Shangazi alinisimulia haya jioni, kwa jamaa yetu tuliyefikia kwake. Tena alinisimulia kama mtu anayetimiza wajibu tu, maana moyo wake ulikuwa umeshakubali. "Nimempenda yule bwana," akasema. "Ana adabu. Lakini aliyeachika hatujamwona, na siwezi kurudi kwa kaka yangu nikiwa sijamwona."

"Mimi kesho nasaini," nikamjibu kwa hasira.

"Saini. Asubuhi tunakwenda Masese, mchana unasaini."

Ukitaka kumpinga mtu ambaye hakupingi, utachoka wewe. Asubuhi tukaenda Masese.

Tulimkuta ufukweni mwa ziwa anaanika mukene, wale dagaa wetu wadogo, juu ya nyavu kuukuu. Kijana wa makamo yangu au kanizidi kidogo, na alikuwa amevaa shati jeupe la kola ngumu, limebadilika rangi, kama mtu ambaye bado anakwenda ofisini. Tulipomsalimia aligeuza kichwa chote, shavu la kushoto likatuelekea, ndipo akajibu. Nilidhani ni madaha. Shangazi alimweleza bila haya kwamba mimi nimeposwa na ile ofisi yake ya zamani na tumekuja kuuliza habari. Akatabasamu, akatupindulia kasha la samaki tukae.

"Ofisi ni nzuri," akasema. "Mshahara ilikuwa nafika kila mwezi. Kazi nilijifunza pale. Mimi siwezi kusema ofisi vibaya."

Shangazi akashusha pumzi. Akainuka, akakung'uta buibui, akaanza kuaga. Na mimi nilikuwa nimeshainuka, furaha tele, nimeshaiona saini yangu. Waiswa akafunga mukene kidogo kwenye mfuko wa gazeti awape wageni, kama ilivyo desturi, na nilipokuwa naupokea ule mfuko nikamwuliza tu, kwa kuzungumza: "Kwa maafande ulikuwa unakwenda na nani?"

"Peke yangu," akasema. "Nani mwingine alikuwa najua Kiswahili?"

Halafu akageuza ile shingo yake, akaniangalia vizuri. "Wanakupa hiyo kazi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa chini. Alitueleza bila kupandisha sauti. Kulikuwa na nyumba moja pale mjini, ya familia iliyokimbilia Kenya, na ndani yake afande mmoja mkubwa. Waiswa aliwahi kwenda mara moja, akaona macho ya yule mtu. Akarudi ofisini akawaambia wakubwa: nyumba hii ni mbaya, naomba polisi waje, na kama polisi hawaji, basi mmoja wenu aje asimame hata kwenye geti, aonekane. Wakamwambia, utaweza, wewe unawajua wale. Akaenda. Walimpiga pale uani mbele ya watoto wa afande, na tangu siku hiyo sikio la kulia halisikii kitu.

"Ofisi ililipa hospitali," akasema. "Lazima niseme ukweli. Walilipa yote. Nilipopona nikarudi kazini. Sasa wateja wakikuja kuuliza, Wakili Waiswa iko wapi, wanaambiwa, Waiswa alisafiri. Mimi niko ndani, nimekaa kwa meza yangu, nasikia na hii sikio moja, naambiwa nimesafiri. Hakuna mtu alitaja ile siku. Hata mmoja. Ukiwaambia kichwa nauma, wanaangalia dirisha."

"Wakakufukuza?" Shangazi akauliza.

"Hapana, Mama. Usiseme walinifukuza. Kupigwa ni askari, na askari tunamjua. Lakini kusafirishwa nikiwa nimekaa, hiyo ilinishinda. Nilitoka mwenyewe."

Nikamwuliza kuhusu ile nyumba.

"Afande iko ndani mpaka leo," akasema. "Wenye nyumba wamerudi, wanalia kila wiki kule ofisini. Wewe ndio utaanza na hiyo, dada yangu."

Tulirudi mjini kwa miguu, mimi na Shangazi, na nataka nikuambie ukweli wa moyo wangu njiani: bado niliitaka ile kazi. Niliogopa, lakini niliitaka. Nilimfikiria baba na rafu zake. Nilijiambia labda Waiswa alikuwa mkaidi, labda mimi mwanamke afande ataniheshimu, labda mambo yamebadilika. Mtu akitaka kitu sana, haishiwi na labda. Mwisho nikamwuliza Shangazi anasemaje.

"Mimi nilitumwa kuona nyumba, nimeiona," akasema. "Kuolewa ni kwako. Lakini hata mke huweka sharti lake kabla hajafungishwa ndoa, na dini inamruhusu. Weka sharti lako. Uangalie uso wa mtu anapolisikia."

Basi mchana nikapanda zile ngazi. Mkataba ulikuwa juu ya meza, na kalamu nzuri imelala juu yake. Pembeni alikaa wakili mwingine wa pale, mzee kidogo, aliyekuja kushuhudia. Nikapiga moyo konde, nikasema: "Bwana Tenywa, nitafanya kazi ya maafande kwa moyo wote. Naomba jambo moja. Nisiende peke yangu. Kila nitakapokwenda, mkubwa mmoja wa ofisi hii aje asimame nami, hata kwenye geti."

Akacheka, kicheko kizuri cha baba. "Binti, katika familia watu hawawekeani masharti."

"Kwetu tunawekeana," nikamwambia. "Na aliyefanya kazi hii kabla yangu yuko wapi?"

Hakusita hata kidogo. "Waiswa? Alisafiri. Yuko Nairobi, anaendelea vizuri sana."

Mwanangu, ule mfuko wa mukene ulikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima. Yule wakili mzee aliinamisha kichwa akaanza kutazama kucha zake. Alijua. Wote walijua, na wote walikuwa wamejifunza kutazama kitu kingine. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kweli, kubwa kuliko hofu ya afande. Niliona kwamba nikiumia mimi, nami nitasafirishwa. Nitakuwa Nairobi, naendelea vizuri sana.

"Waiswa anakusalimu," nikasema. "Nimetoka kwake asubuhi hii. Ametupatia mukene wa mboga."

Bwana Tenywa hakukasirika. Ningependa kukuambia alikasirika, ingekuwa rahisi. Alikaa akaniangalia kwa upole, kisha akasema, "Ofisi kubwa haiwezi kuendeshwa kwa habari za wauza samaki wa mwaloni. Fikiri vizuri. Huku mashariki hakuna mwingine atakayekuchukua."

Nikasukuma kalamu upande wake. Niliisukuma mpaka ikamfikia. Nikamshukuru kwa chai aliyompa shangazi yangu, nikachukua mkoba wangu na harufu yake, nikatoka.

Na alikuwa amesema karibu kweli, yule bwana. Nilikaa nyumbani muda mrefu. Baba hakunilaumu kwa mdomo, alilaumu kwa kuhema. Majirani waliniona mjinga aliyekataa bahati. Mwisho nikapata kazi kwenye kiofisi kimoja hapa Malukhu, jirani na mashine ya kusaga mahindi, mpaka leo nikiongea watu wananiambia napaza sauti. Mwenye ofisi alikuwa mnene na mwoga, Mungu amrehemu, na maafande nilikwenda kuwaona, tena wengi. Lakini nilipomwekea sharti langu alisema, "Hayo ni mambo ya lazima," na kila safari alisimama getini anatiririka jasho, ananiombea dua kwa lugha zote anazozijua. Maafande wengine walitutukana. Wengine walikuwa watu waungwana kabisa. Mmoja wa kutoka kaskazini alitutolea viti, akasoma ile amri, akaomba muda wa kumtafutia mkewe pa kulala, na siku aliyotaja ndiyo siku aliyohama. Sikupata utajiri. Nilipata usingizi, na masikio yangu yote mawili.

Sasa wewe umekuja kwangu na simu yako, unanionyesha picha za ofisi ya vioo ya mji mkuu, na wenye tai wanaocheka kwenye ngazi, na maneno chini yake kwamba wao ni familia. Unaniuliza uende au usiende. Mimi si mtu wa kukuambia usiende. Ukubwa wa ofisi si dhambi. Baadaye katika kazi nilikutana na mawakili wa ofisi kubwa waliokuwa watu safi, wanaolea vijana wao vizuri kuliko sisi wa mashine za kusaga. Na usidhani udogo ni utakatifu, nimeona viofisi vya chumba kimoja vinavyokamua watu mpaka tone la mwisho.

Ninachokuomba ni usiihukumu nyumba ukiwa umekaa sebuleni kwao. Sebuleni kila mtu ana adabu. Shangazi Zaituni, na macho yake yote yale, alinunuliwa kwa kikombe cha chai, na mimi nilinunuliwa kwa kusifiwa lugha yangu. Angalia sana wanakusifia nini, kwa sababu hicho ndicho wanachotaka kukitumia. Kisha mtafute aliyefanya kazi hiyo kabla yako. Nenda kwa miguu yako, kaa naye, na usimwulize kama ofisi ni nzuri, atakujibu ni nzuri kama Waiswa alivyotujibu. Mwulize alitumwa wapi, alikwenda na nani, na siku ilipoharibika nani alisimama naye. Halafu rudi kwa wakubwa uwaulize habari za mtu huyohuyo, uweke maneno yao karibu na maneno yake. Na sharti lako liseme mapema, wakati bado wanakutaka, maana ukishaingia utaambiwa una jeuri.

Sikia na hili, maana ndilo nililotaka kufika kwalo. Ofisi zote huumiza watu. Hata mimi kwenye ofisi yangu, nilipokuja kuwa nayo, kuna vijana niliwakosea. Siku ile kama Bwana Tenywa angeniambia, "Binti, Waiswa tulimtuma peke yake, akapigwa, ni kosa letu, na hatujui tulirekebishe vipi," wallahi ningeshika ile kalamu nikasaini, na kesho yake ningekwenda kwa afande nikiwa na mtu wa kusimama nami. Nyumba inayoweza kutaja jina la mtu wake iliyemuumiza, ingia. Ile inayosema amesafiri, shuka ngazi, hata kama kwenu hakuna sukari.

Nenda basi, mwanangu, ukaulize. Mwenyezi Mungu akupe kazi ya kukuheshimisha na wakubwa wanaosema kweli. Akuepushe na mkono wa mwenye nguvu na kimya cha wanaotazama. Na siku utakapokaa wewe nyuma ya meza kubwa, mtoto wa mtu akakuuliza swali gumu, Mungu akupe moyo wa kumjibu. Amina.